Kanzu Niliyovaa Nikitoka Hospitali

Mwanangu Maganga,

Salamu tumepeana asubuhi na shikamoo yako nimeiitikia, kwa hiyo hapa sizirudii. Umekwenda Nzega kuwaaga wajomba zako, mama yako yuko shambani, nyumba imetulia, nami nimeisogeza cherehani pembeni ili niandike juu ya meza yake. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa suruali mpya utakayovaa kesho. Ukiikuta, isome peke yako kabla lori halijafika.

Habari za akiba, chakula, marafiki na sala sitazigusa. Mama yako amezisema wiki nzima na wewe umeitikia "ndiyo mama" mpaka nikachoka mimi. Nina jambo moja tu, na kwa kinywa siliwezi. Kwetu Wanyamwezi mambo ya mwili wa mwanamume huongewa na babu na mjukuu. Babu angekutania, ungecheka, na ndani ya utani ungekuwa umekwisha kuambiwa. Lakini babu yako alikufa ukingali mdogo, na mimi ni baba yako. Tukikaa ana kwa ana tuongee haya, mmoja wetu atatoka nje kwa aibu, na nadhani nitakuwa mimi.

Unaumwa, mwanangu. Aliyeniambia kwanza ni mama yako. Alisema, "Mtoto wako anakawia sana nyuma ya ghala, na akirudi uso umemkunjamana. Mimi siwezi kumwuliza. Wewe unangoja nini?" Nikaanza kukutazama. Nikaona huku jua linawaka unapalilia pamba bila kunywa maji, maana anayekunywa atakojoa. Nikaona unafua kaptula zako mwenyewe, wewe ambaye hata shati ulikuwa unamtupia dada yako. Halafu siku nilipokupima suruali ukaniambia, "Baba, hapo mbele paachie nafasi." Mtu anaweza kumficha mchungaji, lakini fundi wa suruali hafichwi kitu.

Na kesho unataka kupanda treni kwenda kwenye mkonge huko Kilosa, ukakae kambini mbali na hospitali. Mkojo ukikuziba huko, nani atakubeba? Hilo ndilo linaloninyima raha. Naijua sababu ya kunyamaza kwako, kwa kuwa mimi nilinyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Unaogopa ukienda kwa daktari atakukata, na ukikatwa watu wa misheni watasema umesilimu, na Mzee Yakobo, mzee wa kanisa, atamzuia binti yake Monika asiolewe nawe. Sasa nisikilize.

Nilipokuwa kijana sijaoa nilifanya kazi Tabora mjini kwa Mzee Sefu, Mwislamu, fundi mwenye mikono myepesi na maneno mazito. Yeye ndiye aliyenifundisha cherehani, na nililala nyumbani kwake, nikila kwa mkewe Bi Zuhura. Aliniita Bwana Kwa Nini, maana sikuacha kuuliza. Kwa nini uzi mweusi hukatika upesi kuliko mweupe. Kwa nini Mwarabu wa duka la jirani hunywa kahawa chungu huku akikunja uso kila mara. Siku moja nikamwuliza kwa nini watu wa mjini hutahiri na sisi wa vijijini hatutahiri.

"Kwetu ni sunna," akasema. "Kwenu sijui. Kamwulize baba yako."

Nikaenda nikamwuliza babu yako. Yeye alikuwa mpagazi, alikwenda pwani na kurudi kwa miguu, pembe za ndovu begani. Akaniambia kwamba wapagazi wengine walitahiriwa huko pwani, wakarudi wamevaa kanzu na majina mapya, hawataki tena kuitwa Wanyamwezi, na mama zao wakawalilia kama waliokufa njiani. Hapo nikaelewa. Sisi watu wa njia hii ya misafara ya zamani tumezoea kuisoma dini ya mtu mahali ambapo hakuna anayepaswa kuangalia. Aliyekatwa, amesilimu, basi. Kwamba kuna anayekatwa kwa sababu ya ugonjwa, hilo halikumjia mtu kichwani, na mimi pia halikunijia.

Ugonjwa wangu ulianza kwa kuwasha. Ngozi ya mbele, hii ambayo wanaume tukiwa peke yetu tunaiita govi, ikawa nyekundu, na chini yake majimaji yenye harufu. Nikaisugua kwa sabuni ya kufulia, ikazidi. Mwenzangu mmoja akanishauri maji ya tumbaku. Nikapaka, na sikusema neno lolote la Kikristo mchana ule. Ikapona, ikarudi, ikapona tena, ikarudi tena, na kila ikipona inaacha kovu, mpaka mdomo wa ngozi ukawa mweupe, mgumu, umebana. Mkojo ukawa unatoka kama uzi, na kabla haujatoka ngozi inafura. Nakuandikia haya kinaganaga ili ujipime. Kama unayaona na kwako, basi hujarogwa na hujatenda dhambi yoyote. Ni ugonjwa, na una jina katika vitabu vya daktari.

Udadisi ndio ulioniponza. Jumapili moja mchana, niko bafuni uani kwa Mzee Sefu, nikasema leo nitaona huko nyuma pakoje. Nikavuta kwa nguvu. Ngozi ikarudi nyuma, nikaona nilichotaka kuona, halafu ikakataa kurudi mbele. Ikabana hapo nyuma ya kichwa, na kichwa kikaanza kuvimba na kubadilika rangi. Nikavuta, nikaimwagia maji, nikaomba. Mzee Sefu akasikia ninavyoguna, akaja mlangoni.

"Bwana Kwa Nini," akasema, "leo umeuliza nini tena?"

Nilipomwambia hakucheka. Akamwita jirani yake, ngariba, mzee aliyetahiri nusu ya vijana wa mtaa ule. Nilimwona anaingia na mkoba wake, roho ikaruka. Lakini yule mzee alitazama mara moja tu, akafunga mkoba. "Hii si kazi yangu. Mimi nakata kizima, na hiki kinaumwa. Mpelekeni hospitali sasa hivi. Kikikaa hivi damu haipiti, kinaweza kuoza." Maganga, nimekutana na watu wengi wanaojua kazi zao, lakini wachache wanaojua kazi yao inaishia wapi. Yule ngariba namkumbuka kwa hilo.

Walinipakia kwenye mkokoteni. Kwenye hospitali ya serikali alikuwepo dresa wa zamu, yaani mfunga vidonda, Mnyamwezi mwenzetu wa Sikonge. Akachukua kitambaa chenye maji ya baridi, akakizungushia, akaminya kwa kiganja polepole, kwa muda mrefu, huku akinisimulia habari za ng'ombe wa kaka yake ili nisahau. Uvimbe ulipopungua, akasukuma kichwa kwa vidole gumba na kuivuta ngozi mbele, ikarudi mahali pake. Machozi yalinitoka na wala sikuona haya. Akaniambia, "Wewe umewahi. Wapo wanaokuja baada ya kulala nayo."

Basi jambo hilo likae kichwani mwako, kwako na kwa wenzako wa kambini. Ngozi ikirudi nyuma ikagoma kurudi mbele, hakuna kungoja kesho.

Asubuhi akaja daktari, Mzungu mrefu mwenye kikohozi, na yule dresa akatafsiri. Nadhani hakupata kuulizwa maswali mengi namna ile na mtu aliyelala chali. Nilimwuliza kama Mungu alikosea kuiweka ngozi hiyo. Akasema la, ina kazi yake, inafunika kama kope inavyofunika jicho, na mtu ambaye yake ni nzima hana haja ya kukatwa hospitali. Anayekata kwa dini au kwa jando ana sababu zake, hayo si yake kuyahukumu. Nikamwuliza, sasa yangu ina nini? Akatafuta maneno. Dresa naye akatafuta maneno. Nikawaambia, "Ni kama ukosi wa shati uliobana, kichwa hakipiti?" Dresa akatafsiri, yule Mzungu akacheka mpaka akakohoa. Akasema ndiyo, ndivyo hasa, na tena ukosi wenyewe umegeuka kovu, hauvutiki tena.

Nikamwuliza kama hakuna dawa ya kupaka. Akasema kwa wekundu na usaha dawa ipo. Wengi hupona kwa kuosha kwa maji tu, taratibu, bila sabuni kali wala tumbaku, na kwa dawa ile ya zambarau ya kuchovya. Mtu asikimbilie kisu kwa sababu ya kuwasha. Lakini kovu gumu linalobana mkojo halisikii dawa. Hilo hukatwa. Na ugonjwa unaorudi na kurudi, na ngozi inayonasa nyuma kama yangu, mara nyingi mwisho wake ni huo huo. Akanipa ruhusa ya kufikiri. Nikafikiri mpaka uvimbe ulipokwisha, kisha nikakubali.

Kukatwa kwenyewe usikuogope. Sindano ya ganzi huuma kuliko kisu. Nilikuwa macho, nikamwuliza dresa anashona mshono gani, akaniambia ninyamaze. Ulikuwa mshono mzuri, mimi fundi nakuambia. Siku za kwanza mkojo ulichoma na bendeji ilinisumbua, na kidonda kilichukua wiki kadhaa kufunga vizuri. Kisha ikaja asubuhi nikakojoa kama bomba lililozibuliwa, nikakaa chini nikacheka peke yangu.

Sasa shida ilikuwa nguo. Suruali sikuweza. Mzee Sefu akanipa kanzu yake, na ndiyo niliyovaa nikitoka hospitali, natembea miguu imeachana kama watoto wa jando. Hebu nione kwa macho ya watu wa mtaani. Mvulana wa misheni, amevaa kanzu, anatembea vile, anaingia nyumba ya Mwislamu. Kabla sijakaa wakaja majirani wa Mzee Sefu na sinia ya pilau na halua, kila mmoja ananipa mkono, "Hongera, hongera. Sasa jina lako nani?" Mmoja alishapendekeza Ramadhani. Mzee Sefu akasimama mlangoni akawaambia, "Jamani, huyu ameumwa tu. Dini yake ni ile ile, na maswali yake ni yale yale." Walisikitika kidogo, lakini pilau waliiacha, nikaila mimi.

Hao niliweza kuwacheka. Ila siku hiyo hiyo alipita mwalimu mmoja kutoka kijiji chetu, akaniona. Habari ilifika Lusu kabla yangu. Baba wa msichana niliyemchumbia akapeleka ujumbe kwa babu yako: majembe ya mahari yaje yachukuliwe, binti yake haolewi na Ramadhani. Nilinywea. Nilifikiri kukaa Tabora moja kwa moja nisirudi tena kijijini, na kweli nilikaa muda nikijificha, nikimwambia Mzee Sefu kidonda bado. Yeye aliona kidonda kimekwisha kupona, akaninyamazia.

Yule msichana akaja mwenyewe. Alipanda gari la pamba na shangazi yake, akanikuta kwenye cherehani. Hakunisalimu. Akasema, "Nijibu moja tu. Umeumwa au umesilimu?"

"Nimeumwa."

"Basi kwa nini unajificha kama mtu aliyeiba?"

Mimi Bwana Kwa Nini, siku hiyo niliulizwa mimi. Msichana huyo ndiye mama yako, na unaona hajabadilika.

Nikarudi naye. Wazee wa kanisa wakaniita barazani, na Yakobo, wakati ule kijana, alikuwa mmoja wa waliokuja kusikiliza. Nilikwenda na shati la mtoto mdogo. Nikamwomba baba mkwe wangu mtarajiwa, mzee mwenye kichwa kikubwa kuliko wote, ajaribu kulivaa. Akalisukuma likakwama kwenye paji la uso, akabaki humo. Nikamwuliza, "Baba, ukosi huu ungekuwa umeshonewa mwilini mwako, ungeenda kwa nani, kwa mchungaji au kwa mwenye mkasi?" Baraza likavunjika mbavu, na yeye mwenyewe akacheka ndani ya shati. Ndoa ikafungwa baada ya mavuno.

Hiyo ndiyo hadithi ambayo hukupata kuisikia. Baba yako ametahiriwa, ni Mkristo, na umekaa naye miaka ishirini na mitatu bila kujua. Nilinyamaza nikifikiri nakutunzia heshima, na katika kunyamaza kwangu wewe ukabaki peke yako nyuma ya ghala. Hilo linaniuma.

Tangu baraza lile, watu wamekuwa wakinijia. Mwanamume mzima akija Jumapili jioni kutaka suruali, na kitambaa hana, najua amekuja kuuliza. Wengi nimewaambia waoshe kwa maji na waende kwa dresa. Baba wengine huja na hofu kwamba ngozi ya mtoto mchanga hairudi nyuma. Hawa ndio huniudhi, maana wengine wameshaanza kuivuta. Ngozi ya mtoto huzaliwa imeshikamana, na huachia yenyewe polepole kwa miaka, kila mtoto kwa wakati wake. Ukiivuta unaichana, ikichanika inaweka kovu, na kovu ndilo huleta shida yangu. Siku ukipata mtoto wa kiume, mwoshe kwa nje na umwache.

Mwaka juzi, Jumapili jioni, akaja Mzee Yakobo mwenyewe. Alizunguka sana, akaongea mvua, akaongea bei ya pamba, mwishowe akasema. Yake inakuwa nyekundu, inapasuka kwenye kingo, inapona na kurudi, na yeye hakuwa na shida hiyo ujanani. Alikuwa amekwisha kujihukumu kisu na hukumu ya wazee wenzake. Nikamwuliza maswali yangu. Unakunywa maji sana? Sana. Unaamka kukojoa? Kila mara. Pale unapokojoa panakuwaje? Akanitazama kama nimemroga. "Sisimizi wanajaa," akasema. "Umejuaje?" Sikujua, nilikuwa naunganisha tu na mambo niliyosikia kwa dresa. Nikampeleka Tabora, wakapima mkojo wake, una sukari. Hawakumkata. Ugonjwa wake ulikuwa kwingine, ngozi ilikuwa inapiga kelele tu. Sasa unajua kwa nini mkweo hugeuza kikombe chai ya kanisani ikiletwa na sukari, jambo ambalo mama yako aliliita maringo.

Siri hiyo si yangu, na nisingeiandika. Juzi nilimwendea nikamweleza habari zako, bila kukuombea kitu. Akasema, "Mwambie. Mwambie na yangu. Na mwambie Monika ataolewa na mtu mwenye afya, hayo mengine watu watayachoka."

Kwenye mkonge watakuwepo watu wa pwani watakaokucheka kwa kutotahiriwa. Kama ngozi yako ingekuwa nzima ningekuambia waache wacheke, wala usiguse kisu kwa ajili ya kicheko cha mtu. Na huenda daktari akakutazama akakupa dawa tu, mimi si daktari. Ila atazame yeye. Karani wa mkonge nimezungumza naye, amekubali uende na kundi linalofuata kama utachelewa.

Kesho nakusindikiza. Lori litatushusha Tabora upande wa Cheyo. Hapo ukishika njia ya stesheni, nitakubebea mzigo mpaka behewani na sitasema neno. Ukishika njia ya hospitali, nitakaa kwenye benchi la nje mpaka utoke.

Ndani ya mzigo wako, chini ya blanketi, kuna kanzu. Nimekushonea mimi, pana, isikuguse popote. Na ile ya Mzee Sefu, marehemu, nimeitoa sandukuni, mama yako ameifua na ipo kwenye mzigo wangu. Nitaivaa siku ya kurudi. Tutashuka Lusu wawili, tumevaa kanzu, na mimi nitatembea miguu imeachana kuliko wewe. Wenye la kusema waanze na mimi.

Baba yako,
Fundi Petro